Fundi Hali Chakula

Raisa: Haloo? Shangazi Hadjara hayuko, ameenda sokoni. Nani anamuuliza?

Clever: Haloo? Haloo — nasikia mikwaruzo tu. Nani mwenzangu?

Raisa: Weye ndiye umepiga. Sema jina.

Clever: Raisa? Ni wewe huyo? Raisa!

Raisa: Ndio.

Clever: Ni mimi, Clever. Niko Bujumbura.

Raisa: Eeh. Amahoro, Clever.

Clever: Amahoro, dada. Siku sita! Siku sita simu yako imezimwa. Nimepiga, nimeandika, nimeuliza kila ninayemjua huko Rumonge. Hii namba ya shangazi yako nimepewa na Kaoutar, yule wa duka la vitambaa, na kwanza hakutaka kunipa. Wewe mzima?

Raisa: Niko muzima.

Clever: Na nyumbani?

Raisa: Wako.

Clever: Na baba yako, Mzee Zubeir?

Raisa: Iko. Iko ndani.

Clever: Mungu asifiwe. Nilishaanza kuwaza mabaya, na ziwa lilivyopanda huko Gatete. Sasa nisikilize, unite zangu za simu siyo nyingi. Umefungua kompyuta tangu Ijumaa?

Raisa: Hapana.

Clever: Hata kuchungulia?

Raisa: Ordinateri iko ndani ya mufuko. Sijaitoa.

Clever: Basi hujui kitu. Raisa, maoni yamefika mia nne na kumi na mbili.

Raisa: Sawa.

Clever: Mia nne na — dada, sisi tulidhani tutapata thelathini. Jumamosi ile tulipoutoa Ufuko, mchezo wetu, mtandaoni, tuliwaambia nini watu? Tuliwaambia Ufuko haujaisha, tumeutoa mbichi kwa makusudi, chezeni mtuambie, nasi tutamjibu kila mtu. Neno "kila mtu" uliliandika wewe. Mimi nilitaka "wengi".

Raisa: Nakumbuka.

Clever: Sasa wanaandika, na wa kujibu hayupo. Mimi naandika programu, Raisa, siyo barua. Nikijibu mimi wanakasirika. Jana kuna mmoja kasema Ufuko umetupwa kama mtoto wa — sisemi. Nyota zinashuka. Zikishuka zaidi ya hapo, duka la michezo litatuweka chini kabisa mtu asituone. Mimi niliacha kufundisha kwa ajili ya huu mchezo.

Raisa: Najua uliacha.

Clever: Silaumu.

Raisa: Soma tu. Soma, nakusikia.

Clever: Haya. Naanza na madogo. Wanasema maandishi ni madogo mno kwenye simu.

Raisa: Yakuze.

Clever: Kifaransa chetu kina makosa kwenye ukurasa wa pili.

Raisa: Sawa.

Clever: Mitumbwi haigeuki ikifika kwenye matete.

Raisa: Sawa.

Clever: Mbuzi wanatembea juu ya maji. (anacheka) Hiyo wameipenda, wametuma picha. Mmoja wa Brazili anasema tusiirekebishe, ndiyo burudani yake.

Raisa: Sawa. Acha.

Clever: Turekebishe au tuache?

Raisa: Vyovyote.

Clever: Raisa, wewe unasema sawa kwa kila kitu. Wewe uliyegombana nami siku tatu kwa rangi ya maji.

Raisa: Nimechoka, Clever. Soma ingine.

Clever: Ingine ni ile kubwa. Ni ya Fundi.

Raisa: (kimya)

Clever: Uko?

Raisa: Niko.

Clever: Fundi, yule mzee wa nyumba ya mwisho, karibu na maji. Wanasema hivi: maji yakipanda, ukihamisha watu kwenda mlimani, wote wanakwenda. Fundi naye anakwenda. Zamu inayofuata amerudi. Unamhamisha tena, anarudi tena. Anakula zamu zao, mtumbwi unamfuata yeye tu na wengine wanazama. Karibu nusu ya maoni yote ni yeye. "Rekebisheni huyu mzee." "Mzee ana kosa." Mmoja kaandika: "Kichwa cha mzee kimejaa maji."

Raisa: Hilo si kosa. Tuliandika hivyo.

Clever: Uliandika wewe. Mimi nilikuuliza, kwa nini anarudi? Ukaniambia, watu wanarudi, Clever, ndivyo walivyo.

Raisa: Ndivyo walivyo.

Clever: Mimi sikuelewa, nikaandika tu kama ulivyotaka. Halafu kuna yule mmoja, siku ya pili tu baada ya kutoa, akapata dawa. Huyu hana hata jina, ana namba. Akasema — ngoja nilipate — akasema: "Jamani, msihangaike. Mkishamtoa Fundi, bomoeni nyumba yake. Hatarudi tena, hana pa kurudi. Kazi imekwisha." Watu mia tatu wakampongeza. Hiyo uliiona? Ilikuwa kabla hujazima simu.

Raisa: Niliiona.

Clever: Eeh, basi. Wote wakafanya hivyo, na kweli, harudi. Mimi nikafurahi, nikasema wamejitatulia wenyewe. Kumbe —

Raisa: Kumbe nini?

Clever: (mikwaruzo) — tangu wikendi hii maoni mapya yanakuja —

Raisa: Sikusikii. Rezo ya simu imekatika.

Clever: Nasema, kumbe nyumba ikibomolewa, Fundi anasimama. Anasimama pale ulipomweka, hatembei, hafanyi kazi, na hali chakula. Kila mtu anagawiwa samaki na unga, ghala limejaa, yeye hapati. Ndiyo wanavyoandika, neno kwa neno: "Fundi hali chakula." Zamu kumi, anakufa.

Raisa: (kimya ndefu)

Clever: Haloo? Raisa?

Raisa: Zamu kumi.

Clever: Kumi. Nimehesabu mwenyewe. Na hii sasa ni kosa kweli, na kosa ni langu. Nilivyoandika kanuni ya chakula, nilisema chakula kipelekwe kwenye nyumba ya mtu. Sikusema kwa mtu. Sasa nyumba ikiwa haipo, kile chakula hakijui kiende wapi. Mstari mmoja tu, dada, dakika tano. Ila sitaki kugusa Fundi bila wewe —

Raisa: Zamu moja ni siku ngapi?

Clever: Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyepanga. Zamu moja, siku moja.

Raisa: Eeh.

Clever: Kwa nini?

Raisa: Leo ni ya tano.

Clever: Ya tano nini?

Raisa: Baba. Leo ni siku ya tano hali chakula.

Clever: Unasema nini, Raisa?

Raisa: Nasema muzee hali. Iko ndani humu, kwa shangazi, amekaa kwenye kitanda anatazama ukuta. Maji anakunywa. Mpaka juzi alikuwa anakunywa na chai kidogo, sasa chai pia hapana.

Clever: Anaumwa?

Raisa: Haumwi. Muuguzi alikuja akamupima, akasema presha iko muzuri, homa hakuna. Akasema apewe uji. Uji ulikaa mpaka ukafanya ngozi juu.

Clever: Mmejaribu —

Raisa: Uji, samaki mukeke wa kukaanga, ndizi, maharagwe ya mawese. Zainabu wa jirani alileta mukate, ju anajua anaupenda. Kila kitu anasogeza na kidole, hivi, polepole, kama mutu anapisha gari. Hakasiriki. Angekasirika ningejua la kufanya.

Clever: Na kuongea?

Raisa: Hapana. Anaswali, sauti yake tunaisikia kwenye salamu tu. Kulia, kushoto, basi. Shangazi husimama mulangoni kumusikiliza.

Clever: Pole. Pole sana, dada. Na mimi nakusomea habari za mbuzi. Lakini nini kilitokea? Alikuwa bado kwenye ile nyumba ya Gatete?

Raisa: Tulimutoa mwaka jana mwezi wa ine, maji yalipoingia sebuleni. Tulimuleta hapa juu. Kila asubuhi anashuka. Anavua viatu, anaingia ndani ya maji, anakaa kwenye kiti chake mpaka jioni. Tukienda kumutoa, anatoka bila maneno. Kesho amerudi. Mwaka muzima, Clever.

Clever: Ndiyo Fundi wako.

Raisa: Ndiyo.

Clever: Sikujua. Ungeniambia.

Raisa: Ningekuambia nini? Ulikuwa na kazi yako. Nikaona nimuweke mule, labda mutu mumoja huko duniani atapata njia ya kumufanya asirudi. Watu wote wale, wenye akili, wanacheza michezo hii tangu utoto. Nikasema, mumoja atapata.

Clever: (polepole) Na mmoja akapata. Raisa. Mlifanya nini?

Raisa: Wewe umeshajua.

Clever: Sijui. Niambie.

Raisa: Ile Ijumaa, ukuta wa jikoni ulikuwa umeshalala. Ule wa chumba ulikuwa na ufa, mukono unaingia. Ungemuangukia yeye kwenye kiti. Hiyo uniandikie, kwamba ufa ulikuwepo.

Clever: Nakuandikia wapi, dada? Sema tu.

Raisa: Alienda musikitini. Ijumaa ndiyo siku anakawia, anabaki kuongea na wenzake wa zamani. Nikamuambia kaka yangu Waziri: panda sasa.

Clever: Apande wapi?

Raisa: Juu ya nyumba. Atoe mabati.

Clever: Ee Mungu.

Raisa: Mabati kumi na nane. Waziri hakutaka. Nikamuonyesha kwenye simu. Nikamusomea: hatarudi tena, hana pa kurudi, kazi imekwisha. Akaniuliza, nani ameandika? Nikasema, watu mia tatu. Waziri iko na mukono mwepesi, alifundishwa na baba. Weye unajua baba ndiye ameezeka nusu ya Rumonge. Shule, musikiti wa juu, maduka ya barabarani. Kabla watu hawajatoka musikitini tulikuwa tumemaliza. Mvua ilinyesha ile jioni, na ukuta ule ukaanguka kweli.

Clever: Na yeye alirudi akaona?

Raisa: Alirudi. Tulikuwa tunamungoja nje. Nikamuambia, baba, upepo umechukua bati.

Clever: Kulikuwa na upepo?

Raisa: Hata jani la muchikichi halikutikisika.

Clever: Raisa...

Raisa: Aliingia. Maji yanafika kwenye goti. Akatazama juu, akatazama sana. Halafu pale dirishani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Waziri alikuwa ameweka misumari ndani. Sisi hatukuona. Tangu yuko mudogo baba anamuambia, musumari hautupwi, unanyooshwa unawekwa. Mukono wake ulifanya peke yake. Misumari yote, imenyooshwa.

Clever: Mzee akaliona.

Raisa: Alilikamata, akalitikisa. Akasema, "Upepo wenye adabu." Basi. Ndiyo neno la mwisho. Akatoka, akavaa viatu, akatutangulia kupanda huku. Hatukumushika hata mukono. Usiku ule nilizima simu.

Clever: Nyinyi mkamwambia nini baadaye?

Raisa: Hakuna.

Clever: Hamkusema ni nyinyi?

Raisa: Anajua.

Clever: Najua anajua. Nauliza, mmesema?

Raisa: Waziri hajaingia chumbani mule tangu Ijumaa. Anakata kuni. Shangazi hana pa kuweka kuni tena.

Clever: Na wewe?

Raisa: Mimi naingia na sahani, natoka na sahani.

Clever: Umelia?

Raisa: Hapana. Nangoja nilie, haiji. Nafua, napika, nafagia. Nasikia kama mutu mwingine anafagia. Wewe ulivyosema maoni mia ine, nilijua ni jambo kubwa. Nililiangalia tu, kama kitu iko ng'ambo.

Clever: (mikwaruzo) — sikia, dada, mimi siyo mtu wa kukupa ushauri —

Raisa: Nini?

Clever: Nasema sina ushauri. Nina jambo la mama tu. Mama Evangelina. Unajua sisi tulikulia kambini, Tanzania. Mimi nilizaliwa kule. Walipofunga ile kambi, watu wakapandishwa kwenye malori, nyumba zetu zikabomolewa nyuma yetu ili mtu asirudi. Mama aliona kwa macho. Ile nyumba aliijenga yeye, alikanyaga udongo wake akiwa na mimba yangu.

Raisa: Alikula?

Clever: Eh?

Raisa: Baada ya pale. Alikula?

Clever: Alikula. Alilaani njia nzima, na anakula huku analaani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, niliona aibu. Lakini alikuwa na mtu wa kumlaani, Raisa. Nyumba ilibomolewa na watu, kila mtu alijua, hakuna aliyemwambia ni upepo.

Raisa: (kimya ndefu)

Clever: Nimesema vibaya?

Raisa: Hapana.

Clever: Sikutaka —

Raisa: Haukusema vibaya. Unite zako zimebaki ngapi?

Clever: Hazitoshi. Dakika nne, tano. Tuache habari za mchezo, nitawaandikia nipo msibani — hapana, samahani, siyo msibani —

Raisa: Oya, hapana, tusiache. Uliniuliza nikujibu. Ile ya chakula, irekebishe.

Clever: Nirekebishe vipi? Niseme tu?

Raisa: Chakula kimufuate mutu. Nyumba iwepo, isiwepo.

Clever: Chakula kimfuate mtu. Nimeandika. Na kurudi je? Wanataka asirudi.

Raisa: Arudi. Hiyo usiguse.

Clever: Watapiga kelele.

Raisa: Wapige. Na uwaandikie jibu leo.

Clever: Niambie maneno. Polepole, nina kalamu.

Raisa: Andika: tumesoma maoni yenu yote.

Clever: Hatujayasoma yote.

Raisa: Utayasoma. Andika: mutuwie radhi kwa kukawia kujibu. Mukisema Fundi hali chakula, mumesema kweli. Kosa si la Fundi. Fundi iko sawa. Kosa ni letu, sisi tulioandika.

Clever: "...kosa ni letu, tulioandika." Ndiyo. Na yule wa namba, aliyesema wabomoe? Watu wameanza kumtukana sasa, kwamba amewaulia mzee wao. Nimfute?

Raisa: Usimufute. Yule hakukosa. Yeye alikuwa anacheza.

Clever: Sawa.

Raisa: Alikuwa anacheza muchezo, Clever. Tuliuandika apate kuucheza. Mimi ndio nilitoka na neno lake nikaenda nalo —

Clever: Raisa.

Raisa: Sawa. Niache.

Clever: Unakwenda wapi? Nasikia mlango.

Raisa: Usikate. Unaweza usikate?

Clever: Sikati.

Raisa: Naweka simu hapa kwenye meza. Usiseme kitu. Nikijua kuna mutu anasikia, sitageuka mulangoni.

Clever: Sisemi.

(mlango, kiti kinavutwa)

Raisa: (kwa mbali) Baba. Ni mimi.

(kimya)

Raisa: (kwa mbali) Baba, haikuwa upepo. Ni mimi nilisema mabati yatolewe. Waziri alikataa, mimi nikamusukuma. Usimuhesabie yeye. Nilingoja uende kuswali, ndiyo nikafanya. Kisha nikakudanganya mbele ya nyumba yako.

(mikwaruzo)

Raisa: (kwa mbali) Niliogopa ule ukuta. Lakini ningekuambia. Ningekuambia, tukagombana, ukakataa, nikatoa hivyo hivyo, na wewe ukiniangalia. Sikufanya hivyo.

(kimya)

Raisa: (kwa mbali) Basi. Nimesema.

Mzee Zubeir: (kwa mbali, sauti imekauka) Yako wapi?

Raisa: (kwa mbali) Nini, baba?

Mzee Zubeir: (kwa mbali) Mabati.

Raisa: (kwa mbali) Yako hapa. Nyuma ya jiko la shangazi.

Mzee Zubeir: (kwa mbali) Mumeyasimamisha ama mumeyalaza?

Raisa: (kwa mbali) Tumeyalaza. Moja juu ya ingine.

Mzee Zubeir: (kwa mbali) Na mvua hii?

Raisa: (kwa mbali) Na mvua.

Mzee Zubeir: (kwa mbali) Bati halilazwi. Maji yanakaa katikati, yanalila. Siku tano! Waziri anajua hiyo. Nilimufundisha nini yule?

Raisa: (kwa mbali) Tutayasimamisha sasa hivi.

Mzee Zubeir: (kwa mbali) Mutayakunja. Nipe viatu.

(vishindo, simu inachukuliwa)

Raisa: Clever? Uko?

Clever: Niko. Niko, dada.

Raisa: Umesikia?

Clever: Nimesikia. Anasimama?

Raisa: Anajaribu. Miguu inamutetemeka. Anashika ukuta. Anasema sisi hatujui, tutayakunja —

Clever: Na chakula? Mwambie kwanza ale —

Raisa: Hajasema kitu juu ya chakula. Sahani iko pale pale. Hajaniangalia pia, ameangalia viatu. (kwa mbali) Waziri! Waziri, acha hizo kuni, njoo! (karibu) Clever, nakwenda, ataanguka huyu —

Clever: Nenda, nenda! Lile jibu nalituma leo?

Raisa: Tuma. Tuma kama nilivyo —

Clever: Haloo? Unakatika. Nikupigie saa ngapi?

Raisa: Nitawasha yangu. Murakoze, asante, Clever, musalimie mama — baba, ngoja! Ngoja nikukamate! Waziri, shika huku, mupe bega —

Clever: Raisa, sikia, unite zangu zina —